Miji Miwili ya Mlimani

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa visiwani wanaujua ukweli wa neno hili kwa macho yao, maana nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar aghalabu huanza kufa kwa ufa mwembamba usiozidi unene wa kidole. Mvua ya masika hupenya humo mwaka hata mwaka, boriti zikaoza, na siku moja ghorofa nzima ikaanguka juu ya baraza ambayo jana yake watu walikuwa wakinywa kahawa. Ila wako watu ambao ufa wao haumo ukutani. Umo katika mlima ulio nyuma ya nyumba, na hao hawana ukuta wa kujenga.

Katikati ya Aprili 2024 mwalimu mmoja mstaafu wa Unguja, mtu wa mashairi mwenye kupima maneno kabla hajayatoa kinywani, alipokea simu kutoka Mbeya. Aliyepiga ni dada yake mkubwa, aliyeolewa huko tangu miaka ya sabini na kijana wa reli ya TAZARA, na ambaye sasa ni mjane. Dada hakutanguliza salamu. Alisema tu kwamba mlima umeshuka. Udongo wa mlima Kawetele, ulioshiba maji ya mvua za msimu ule, ulikuwa umeteremka hadi kata ya Itezi na kufukia nyumba za watu pamoja na majengo ya skuli. Nyumba ya dada haikuwa Itezi. Ilikuwa mtaa mwingine, lakini chini ya safu ile ile ya milima, na nyuma yake palikuwa na korongo. Mwalimu akakumbuka habari za Katesh, wilayani Hanang, ambako Desemba 2023, miezi minne tu nyuma, tope la mlima liliua watu zaidi ya 80.

"Dada, rudi nyumbani," alisema.

"Nyumbani wapi, mdogo wangu?" aliulizwa, na simu ikakatika.

Alisafiri Oktoba ya mwaka huo, wakati nyanda za juu ni kavu na mvua haijaanza. Maana huko hakuna vuli na masika kama pwani, bali msimu mmoja wa mvua uanzao mwishoni mwa mwaka na kumalizika Aprili au Mei. Alivuka bahari kwa boti, akalala Dar es Salaam, na alfajiri akapanda basi. Nia yake ilikuwa moja: kumchukua dada yake na kumrudisha Unguja kabla mvua hazijashuka tena. Hata hivyo aliazimia kulala Iringa njiani, kwa kuwa alikuwa hajapata kuuona mji ambao habari zake aliwasomesha watoto kwa miaka thelathini.

Baada ya mbuga ya Mikumi na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, basi lilianza kukwea Kitonga. Mtu wa pwani apandapo Kitonga hunyamaza. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde, na katikati malori yenye shehena ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mzee aendaye msikitini. Akifika juu hewa huwa imebadilika, na abiria waliokuwa wakijipepea hutafuta masweta yao.

Barabara kuu haiingii Iringa. Inapita chini, Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na anayeutaka mji hana budi kuupanda ukingo wa mlima mpaka juu, kiasi cha mita 1,500 na ushei kutoka usawa wa bahari. Mahali hapo hapakuchaguliwa na wafanyabiashara. Palichaguliwa na askari. Mji wa kwanza ulikuwa Kalenga, kando ya mto huo huo, na ndipo lilipokuwa boma la mawe la Mkwawa, lililoitwa lilinga kwa Kihehe. Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga, wakalibomoa lilinga. Mwaka 1896 wakajenga kituo chao juu ya ukingo na kukiita Iringa Mpya. Waliuteka mji na jina lake pia, na jina likapanda mlima likiwa limevaa matamshi ya kigeni.

Mwalimu alikuwa akizisomesha tarehe hizi bila kuziuliza swali. Usiku ule, katika nyumba ya wageni ya Miyomboni, alizipanga tena kichwani, na safari hii moja ilimkosesha usingizi. Julai 1898 Mkwawa alijiua ili asikamatwe hai. Oktoba ya mwaka huo huo, mjini London, mwandishi wa hati mkato za bunge aliyeitwa Ebenezer Howard alichapisha kitabu kuhusu mji wa bustani. Howard aliona watu wakirundikana katika miji ya moshi, akapendekeza miji midogo ya watu wasiozidi 32,000 hivi, iliyozungukwa na mashamba ambayo hayatajengwa kamwe. Ardhi ingekuwa mali ya wote, na thamani yake ikipanda, faida irudi kwa wakazi. Bila ya shaka lilikuwa wazo la huruma.

Lakini wazo huvuka bahari likiwa na sura moja na kushuka bandarini na sura nyingine. Katika makoloni, ule ukanda wa kijani uliokusudiwa kuwapa watu wote pumzi ukawa ukanda wa kuwatenga. Wazungu walikaa penye miti na viwanja vipana, Wahindi penye maduka, Waafrika mbali zaidi, na nafasi tupu kati yao ikaitwa ya afya. Zanzibar haihitaji kufundishwa jambo hili. Ramani ya Lanchester ya mwaka 1923, ya Kendall ya 1958, ya Wajerumani wa Mashariki ya 1968 na ya Wachina ya 1982, kila moja ilikuja na dawa yake ya Ng'ambo, na Ng'ambo ikaendelea kukua kwa njia zake mwenyewe. Kasoro haikuwa uhaba wa ramani. Ilikuwa ni kwamba mchoraji alimwona mkaaji wa Ng'ambo kuwa tatizo la kutatuliwa, wala hakumwona kuwa mtu wa kuulizwa.

Asubuhi alipanda hadi jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Kutoka pale mji wote uko chini ya macho, nao unasomeka. Karibu na jiwe ni viwanja vipana, miti mirefu na nyumba zilizojitenga. Mbele zaidi ni jengo la Boma la Wajerumani, ambalo tangu 2016 ni makumbusho, na soko la zamani lenye paa refu. Kisha mabati yanaanza kukaribiana, na majina ya mitaa yanasimulia yenyewe: Makorongoni, penye makorongo, Kitanzini, ambako kumbukumbu za wenyeji zinataja kitanzi cha Mjerumani, na Mlandege, jina ambalo mtu wa Unguja hulisikia akatabasamu, kwa kuwa Mlandege yake ameiacha nyuma kisiwani. Watu waliopewa makorongo waliyajenga, wakayapa jina, wakaishi. Wajukuu zao sasa wanateremka na kupanda kuelekea Kihesa, Mtwivila, Mkimbizi na Kitwiru, maana mji uliochaguliwa kwa ajili ya boma la watu mia chache ulihesabiwa watu 151,345 mwaka 2012 na 202,490 mwaka 2022.

Iringa ina jambo ambalo miji mingi haina: inauona mto wake. Maji ya kunywa hutolewa Ruaha Mdogo, katika mtambo wa Ndiuka, yakasukumwa kwa mitambo mpaka juu. Hivyo kila ndoo imepanda mlima kwa gharama ya umeme, na kila kinachomwagwa mjini, yawe ni maji ya mvua, taka za korongoni au udongo wa kiwanja kipya, hakina pengine pa kwenda ila kule kule bondeni. Mto haufichi kitu. Ukitoka hapo unapita Kalenga, ulipo ukumbusho wa Mkwawa na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, kisha unaungana na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera.

Hapo ndipo mwalimu alipotambua kwamba jambo hili halikuwa la watu wa bara peke yao. Maji ya Mtera hushuka Kidatu, na kwa miaka mingi mitambo ya mabwawa hayo mawili ilikuwa nguzo ya umeme wa Tanzania. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na umeme huo kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo alipokuwa kijana akisoma tenzi usiku kwa taa ya umeme huko Kikwajuni, taa ile iliwashwa kwa sehemu na mvua iliyonyesha huku. Na baada ya kuzungusha mitambo, maji yale yale hufuata Rufiji hadi kwenye mikoko inayoikabili Mafia. Lakini tangu 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kwa majuma au miezi ndani ya hifadhi ya taifa wakati wa kiangazi, kwa sababu maji mengi hutumika juu yake, katika mashamba ya Usangu, na kinachobaki hakitoshi kupita bwawani Ihefu. Mtu wa kisiwani akidhani mipango ya miji ya milimani haimhusu, na atazame taa iliyo juu ya kichwa chake.

Safari ya Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Basi lilipita misonobari ya Sao Hill, likapita Makambako ambako reli ya TAZARA hukutana na barabara, likateremka Igawa na kupanda tena. Shemeji yake marehemu alifanya kazi kwenye reli hii, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976. Reli na barabara ndizo zilizouumba mji wa Mbeya wa leo. Mji wenyewe ulizaliwa miaka ya ishirini ya karne iliyopita kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na wachimbaji walihitaji mahali pa kununua unga, viatu na dawa. Dhahabu ilipopungua, mji ungeweza kufa. Haukufa, kwa kuwa uko njiani.

Kama Iringa ni mji uliopanda juu na kuiacha barabara chini, Mbeya ni mji uliosimama kwenye mteremko wa mlima Loleza na kisha ukaikimbilia barabara. Sehemu ya zamani, Uhindini na Sokomatola, bado iko juu, imetulia. Maisha yenyewe yamehamia chini, Mafiati, Kabwe, Mwanjelwa, na kutoka hapo jiji limejinyoosha kama kamba, Uyole upande mmoja hadi kuikaribia Mbalizi upande wa pili. Mbeya ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Ilihesabiwa watu 385,279 mwaka 2012 na 541,603 mwaka 2022. Yaani katika miaka kumi watu zaidi ya 150,000 wameongezeka, karibu idadi sawa na Iringa nzima ya mwanzoni mwa muongo huo. Hao wote walihitaji mahali pa kulala. Bonde lina mashamba, reli, barabara na viwanda. Kilichobaki ni mlima.

Jiji lilikuwa likijengwa siku alizofika. Barabara ya njia nne, kilomita 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, ilikuwa ikipasuliwa katikati ya vumbi jekundu, na mradi wa kuleta maji ya Mto Kiwira kutoka upande wa Rungwe ulikuwa ukizungumzwa katika kila bajaji, maana vijito vya milimani vilivyounywesha mji mdogo haviwezi kuunywesha jiji. Alipita Mwanjelwa akaambiwa habari za soko lililoteketea mwaka 2006, na la SIDO lililoungua mwaka 2017. Vibanda vya mbao vilivyobanana, waya za umeme zilizovutwa ovyo, njia ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita: sababu za moto hutofautiana, lakini njia ya kuenea kwake ni moja.

Washairi huliita guni shairi lililopotoka mizani au vina. Mwalimu alizoea kuwaambia wanafunzi wake kwamba mizani haikuwekwa ili kumtesa mshairi, bali imewekwa ili sauti ipate mahali pa kupumua. Mishororo ya mizani kumi na sita hugawanyika nane kwa nane, na kati ya ukwapi na utao kuna kituo kidogo ambacho mwimbaji huvuta pumzi. Ukijaza kituo kile kwa maneno, hujaongeza shairi. Umemnyima mwimbaji hewa. Alipoyatazama makorongo ya Mbeya yaliyojengwa hadi ukingoni, aliona vituo vilivyojazwa. Korongo ni mahali mlima unapovuta pumzi mvua inyeshapo. Na mvua ikija, hukidai kituo chake.

Dada yake alimpokea mlangoni akiwa amejifunga khanga juu ya sweta. Walilia kidogo, wakacheka kidogo, wakala. Mpwa wake, kijana wa miaka thelathini na ushei, fundi mwashi, alikuja jioni akiwa na saruji kwenye nyusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu Mbeya. Baridi imekupokea?"

Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ukingo wa korongo, palikuwa na tanuri la matofali ya kuchoma yapatayo elfu sita, yamepangwa vizuri. Kijana alikusudia kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Mwalimu alitazama matofali, akatazama korongo, akatazama juu. Juu ya korongo kulikuwa na nyumba, na juu ya nyumba hizo nyumba nyingine, na juu kabisa mabaka ya mikaratusi na udongo mtupu.

Dada alisimulia jinsi walivyokipata kiwanja mwaka 1989. Marehemu alimlipa mwenye shamba, wakaandikiana karatasi mbele ya balozi wa nyumba kumi, mashahidi wakatia dole gumba. Hapakuwa na mpima ardhi. Palikuwa na mahindi mbele na msitu nyuma. "Wakati ule mlima ulikuwa mbali," alisema. Kisha akafikiri, akajisahihisha. "Mlima haukusogea. Sisi ndio tuliosogea."

Mwalimu alianza kumweleza mpwa wake yale aliyoyatafakari Iringa na njiani. Alitaja Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za mto. Kijana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mjomba, yote usemayo ni kweli," alisema. "Lakini kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na bomba, bei yake ni mamilioni. Mimi najenga nyumba za watu wa viwanja hivyo. Kibarua wangu anayenichanganyia zege hawezi kununua hata kona yake. Yeye akajenge wapi? Ninyi mnasema amejenga pasipo mpango. Hakuna mpango uliomwandikia yeye mahali."

Mwalimu hakuwa na jibu, na kwa heshima yake hakujifanya kuwa nalo. Usiku aliligeuza neno lile. Howard alilijua jambo hili. Ndiyo maana alitaka thamani ya ardhi irudi kwa wakazi wote. Waliochukua miti yake waliiacha hesabu yake. Mji ukipima viwanja kwa ajili ya wenye uwezo pekee, hauwazuii wasio na uwezo kuja. Unawaelekeza tu korongoni, kisha unawalaumu kwa kuwako huko.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa urasimishaji wa makazi. Wakazi walikaa chini ya mti, wengine juu ya mawe, na afisa aliyekuja na ramani aliitundika kwenye ukuta wa nyumba. Ilikuwa picha ya mtaa iliyopigwa kutoka juu, na watu walifurahi kama watoto kuona mabati yao. Kazi ya urasimishaji ni kuutambua mtaa kama ulivyo na kuupa njia: kila mmoja akate kipande cha kiwanja chake ili barabara ipite, wote wachangie gharama za upimaji, na mwishoni kila mmoja apate hati. Ni kazi ya subira kuliko ya ufundi. Mtu atatoa mti wake wa parachichi, mwingine choo chake, mwingine atadai kwamba mpaka ulikuwa pale penye jiwe ambalo sasa halipo.

Ubishi mkubwa ulitokea kwenye korongo. Mita 60 zikipimwa kwa kamba, nusu ya mtaa ingekuwa ndani yake, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuipeleka nusu hiyo. Yaliyozungumzwa yalikuwa madogo zaidi: kuanzia siku ile asijenge mtu kitu kipya ukingoni, na ukingo upandwe. Jirani wa juu, aliyekuwa ameshaanza msingi, alisimama na kusema kwamba ana watoto watano na hela yake imo ndani ya msingi ule. Watu walinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijiona ndani ya maneno yake. Ndipo dada, ambaye hakuwa amesema neno, akainuka. Alisema kwamba kipande chake cha nyuma anakitoa. Hakutoa hotuba. Alimtazama mwanawe, akaketi.

Kijana hakumsemesha mama yake siku nzima. Matofali elfu sita ni fedha, ni kuni zilizoteketea, ni mgongo wake mwenyewe. Usiku alitoka nje na tochi akasimama ukingoni muda mrefu. Asubuhi alimuuliza mjomba wake kama ni kweli kwamba mizizi ya mianzi hushika udongo. Mwalimu alijibu kwamba hajui mianzi. Anajua mikoko, na mikoko hushika. Kijana alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkutano.

Siku ya mwisho mwalimu alirudia ombi lake. Alisema chumba kipo, wajukuu wapo, hospitali iko karibu, na hakuna mlima. Dada alikuwa akichambua mboga.

"Hapo kwenu bahari inakula mnazi mmoja mmoja, nasikia," alisema. "Mbona wewe huhami?"

"Mimi ni wa pale, dada."

"Na mimi ni wa hapa. Mume wangu kalala hapa. Ukinihamisha mimi peke yangu, mdogo wangu, mlima utakuwa umehama? Huyu wa juu atabaki, na wa chini atabaki. Afadhali nibaki nione kama wataipanda hiyo mianzi."

Aliondoka peke yake. Basi lilipoipita njia panda ya Ipogolo aliinua macho kuitazama Iringa juu ya ukingo, ikiwa na taa zake za magharibi. Alikuwa amekwenda kumwokoa mtu mmoja kutoka mji mmoja, na sasa alielewa kwamba mtu mmoja hawezi kuokolewa hivyo. Mlima hauangalii mpaka wa kiwanja. Anayekata mti juu anaipitisha tope sebuleni kwa mtu asiyemjua, na anayetupa taka korongoni anamnywesha mtu aliye bondeni.

Novemba kijana alipanda mianzi, mashina arobaini, kabla ya mvua za kwanza. Sehemu ya matofali aliiuza. Sehemu nyingine alijengea mfereji kando ya njia mpya ya mtaa, yeye na vijana wanne, bila malipo, na akapiga picha akamtumia mjomba wake. Mfereji ulikuwa umenyooka, na mwashi alikuwa ameandika mwaka kwenye saruji mbichi kwa kidole.

Mwalimu ameuzoea utabiri wa hali ya hewa wa Mbeya kuliko wa Unguja. Kila ikitangazwa mvua kubwa nyanda za juu, hupiga simu. Aprili 2025, mwaka mmoja baada ya simu ile ya kwanza, ilinyesha usiku kucha, na alfajiri alipopiga, dada yake alipokea haraka na safari hii alisalimia kwanza. Alisema korongo lilijaa, likanguruma, na maji yakapita njia yake. Mianzi miwili ilikwenda; mingine imesimama.

"Na jirani wa juu?" mwalimu aliuliza.

Dada alikaa kimya kidogo.

"Jirani wa juu," alisema, "amefika kwenye lenta."